Mabidoni Kifungoni

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mabati ya Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, Rosette aliamshwa na kelele za mabidoni, yale madumu ya plastiki ya kuchotea maji. Yalikuwa yakigongana njiani, matupu, yakipelekwa bombani. Rosette alinawa uso, akachukua mabidoni mawili ya tantine wake, yaani shangazi aliyeishi naye, akayaweka mstarini, kisha akarudi nyumbani kufagia na kunywa uji. Mabidoni yalibaki huko yakipanga foleni peke yake.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda kwenye lile bomba la mkono. Bidoni likiwa mstarini, mwenyewe yuko mstarini. Kila moja lilikuwa na alama yake. La Kalala, ambaye alisoma darasa moja na Rosette, lilifungwa kitambaa chekundu shingoni. La Mama Eugénie, mama wa mapacha, lilichorwa msalaba kwa msumari wa moto. Mstari ukisogea, aliye karibu aliyasogeza mabidoni ya wenzake kwa mguu, taratibu na kwa adabu. Mtu akiruka bidoni la mwenzake, alisutwa kama vile amemkanyaga mwenyewe.

Mpini wa bomba ulifungwa mnyororo na kufuli. Ufunguo aliushika huyohuyo tantine wa Rosette, Tantine Godelive, fundi cherehani, ambaye majirani walimchagua wenyewe. Alikuwa na sauti ndogo sana, lakini hakuna aliyebishana naye. Alifungua asubuhi, akafunga jioni, na kati ya hapo alishona.

Jumatano moja ya mwezi wa kumi, jua likiwa kali hata kuku wanatembea kivulini tu, Tantine alijitayarisha kwenda Lilongwe, mji mkuu. Alikuwa amemaliza kushona blauzi nyeupe kumi na mbili za kwaya moja ya Area 47, mtaa wa huko. Zilibaki vifungo tu, na vifungo alivyovitaka vilipatikana mtaa mwingine wa huko, Biwi. Angelala huko kwa dada yake na kurudi Ijumaa jioni. Jumamosi blauzi zipelekwe, Jumapili kwaya iimbe nazo. Kiongozi wa kwaya alikuwa ameahidi kwamba kazi ikiwa safi, nguo zote za kwaya za mwaka mzima zitashonwa na Godelive. Ikiwa si safi, kulikuwa na fundi mwingine kule Mtandire anayeingoja nafasi hiyo kwa hamu.

"Rosette, ufunguo njo huu," Tantine alisema, akimvisha shingoni kamba yenye ufunguo. "Asubuhi unafungua, mangaribi unafunga. Bantu bafate mustari. Hakuna kingine."

"Hakuna kingine, Tantine?"

"Hakuna. Na kwa chumba ya kushona usiingize mutu. Unaona zile blauzi? Zikichafuka, mi nimekwisha."

Rosette aliitikia kwa heshima zote. Tantine akapanda nyuma ya kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, akaenda zake barabarani kutafuta gari. Mpaka vumbi la kabaza lilipotulia, Rosette alikuwa ameshajiona mtu mwingine kabisa.

Huko Bukavu, Kongo, walikotoka wazazi wake, na hapa Dzaleka pia, watu wana maneno yao ya kuchekea, kwamba shefu, yaani mkubwa, ana haki siku zote, hata siku ambayo amekosa. Wakubwa wakiyasema maneno hayo hukonyezana. Rosette, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa ameyasikia mara nyingi, lakini ule mkonyezo haukumfikia. Aliyachukua maneno kama yalivyo. Sasa ufunguo uko shingoni mwake, kwa hiyo shefu ni yeye, na haki nayo imekuja pamoja na kamba.

Siku hiyohiyo jioni alikata ubavu wa katoni ya sabuni, akaandika sheria kwa makaa. Rafiki yake Béatrice aliteuliwa kuwa katibu. Sheria ya kwanza ilisema kwamba bidoni lisilo na kifuniko liko uchi, na halitapewa maji. Ya pili ilikataza kucheka mbele ya bomba. Ya tatu ilitaka shefu asalimiwe kabla ya mtu kushika mpini. Katoni ikatundikwa kwenye nguzo ya uzio.

Watu wazima walicheka, wakasalimu kwa mchezo, wakachota. Asubuhi ya Alhamisi walicheka kidogo. Jioni yake hawakucheka tena, kwa sababu bidoni la Béatrice lilionekana mbele ya mstari mara tatu mfululizo bila mtu kujua lilifikaje, na Mama Eugénie alipouliza kama basi naye anaweza kuchota la tatu, Rosette alizungusha mnyororo kwenye mpini na kufunga kufuli, watu wote wakiwa wamesimama.

"Mutoto we!" alisema Mama Eugénie. "Niko na nepi za mapacha. Nilikuwa nataka bidoni ya tatu, basi. Tantine wako hakatalaka."

"Tantine iko Lilongwe," alijibu Rosette. "Hapa shefu ni mi."

Akachukua kaa, akaongeza sheria ya nne pale pale, kwa herufi kubwa kuliko zote: MTU MMOJA, MABIDONI MAWILI, HATA KAMA NYUMBA INAUNGUA. Kisha akafungua kufuli. Mama Eugénie alijitwisha maji yake akaondoka bila kusema neno, na kwa mtu aliyemfahamu Mama Eugénie, kule kunyamaza kulikuwa jambo la kutisha.

Ajabu ni kwamba asubuhi, Rosette akiwa shuleni, bomba lilijiendesha lenyewe na halikupata tatizo hata moja. Jambo hilo katibu hakuliandika popote.

Sheria zikawa nne, na makosa yakazaliwa. Shefu hawezi kumfunga mtu mzima, lakini bidoni ni mtu tosha. Bidoni la Kalala lilikamatwa kwa kuwageuzia wenzake mgongo.

"Eh, Shefu!" Kalala alilalamika. "Bidoni iko na mugongo wapi?"

"Upande wa kitambaa."

"Kitambaa kiko kwa shingo!"

"Unacheka mbele ya bomba," alisema Rosette. "Lete na ile ingine."

Mabidoni mawili ya Kalala yakaenda kifungoni, na mengine matatu yakayafuata kabla ya jua kuchwa. Kifungo kilikuwa ndani ya chumba cha kushona, kwa sababu ndicho chumba pekee kilichokuwa na komeo. Rosette alikumbuka agizo la Tantine, akalipima kwa makini. Tantine alisema asiingize mtu. Hakusema bidoni. Akayapanga yote chini ya kamba iliyoning'inizwa blauzi, akatoka na dhamiri yake ikiwa safi.

Kesi kubwa ilikuja mwisho wa siku. Mzee Cishahayo, jirani yao mpole mwenye miguu mizito, alikuwa amejifunza kwa wenyeji kutengeneza thobwa, kile kinywaji kitamu cha mahindi na mtama kinachochachuka kidogo. Alikiuza kwa vikombe. Siku hiyo alikuwa amekoroga bidoni zima, analipeleka nyumbani, akaona mstari wa maji ni mfupi. Bidoni lake tupu lilikuwa nyumbani, na mara mbili upepo ulishawahi kulipeperusha akapoteza nafasi. Kwa hiyo aliweka lile la thobwa mstarini limshikie mahali, akaenda polepole kulichukua lingine.

Aliporudi alimkuta Rosette amelishika, analitikisa.

"Mzee, hii bidoni imejaa!" alisema shefu. "Bantu bako na kiu, na we uko na mayi tayari, unapanga mustari ya mayi!"

"Mutoto, sikiliza kwanza. Ile si mayi. Ile ni..."

"Shefu hapendi maelezo marefu."

"Si marefu. Ni neno moja."

"Bote babaya banasemaka vile," alisema Rosette, akalibeba bidoni kwa mikono miwili. Aliona kifuniko kimelegezwa, akakikaza.

Mzee Cishahayo aliinua mikono yote. "Usifunge nguvu! We mutoto, legeza! Ile kitu inapumuaka!"

Watu walicheka. Rosette aliona mzee anatafuta ujanja wa kumwaga ushahidi. Akakikaza kifuniko kwa kitambaa mpaka kikalia, akaingiza bidoni chumbani, akalisukuma katikati kabisa, chini ya blauzi ya sita, akafunga komeo. Mzee alitikisa kichwa, akaenda nyumbani na bidoni lake tupu.

Usiku ulikuwa wa joto. Ijumaa ilikuwa na joto zaidi, na chumba cha kushona kilikuwa na dirisha dogo lililofungwa na bati juu. Saa tisa alasiri Rosette alirudi kutoka shuleni, akaenda moja kwa moja bombani na kusimama chini ya katoni yake. Mabidoni kumi na tisa yalikuwa mstarini. Kalala alisimama na jagi la plastiki la mama yake, macho yameangalia chini. Béatrice alikuwa akihesabu wenye vifuniko.

Ndipo uliposikika mshindo kutoka nyumbani kwa Tantine Godelive.

Watu wote waliinama kwa pamoja. Kuku walikimbilia kila upande. Kisha ikaja harufu tamu na chachu. Mzee Cishahayo alikuwa wa kwanza kunyanyuka. Alivuta hewa puani, taratibu, kama mtu anayemtambua ndugu yake kwa mbali.

"Ile," alisema, "njo thobwa yangu."

Rosette alikimbia. Alipofungua komeo, kitu cha kwanza alichokiona ni bidoni limelala ubavu, tumbo limevimba, mdomo wazi. Kifuniko kilikuwa kimekwama kwenye mti wa paa. Na kutoka paani, ukutani, kwenye cherehani, na kutoka kwenye blauzi zote kumi na mbili, thobwa ilikuwa ikidondoka, tone kwa tone, rangi ya hudhurungi.

Alijua jambo moja alilofundishwa na Tantine: kitambaa cheupe kikiingiwa na uji, kiloweshwe mara moja kwa maji mengi. Kikikaukiwa nao katika joto, alama hubaki. Tantine angefika jioni na vifungo vyake kwenye bahasha. Rosette aliona jina la Tantine, lile jina ambalo watu walilitaja kwa heshima mpaka Lilongwe, likidondoka pamoja na thobwa.

Alinyakua mabidoni yao mawili akarudi bombani mbio. Alitaka kumwambia katibu amsaidie, lakini Béatrice alikuwa amekumbuka ghafla kwamba ana kazi nyumbani. Rosette alipita mstari wote, akafika mbele, akashika mpini. Hakuna aliyemzuia. Yeye ndiye mwenye ufunguo. Bidoni la kwanza likajaa, la pili likajaa. Maji ya mabidoni hayo mawili hayangetosha hata blauzi nne.

"Lete lingine," alimwambia Kalala, akihema. "Lolote!"

Kalala hakusogea. Aliinua macho kwenye katoni, akasoma kwa sauti, polepole, kama vile darasani: "Mtu mmoja, mabidoni mawili, hata kama nyumba inaungua."

Mtu mmoja nyuma alikohoa. Mama Eugénie alikunja mikono.

Rosette aliitazama ile katoni. Angeweza kuichana. Ufunguo bado ulikuwa shingoni, na angeweza hata kuyatoa mabidoni ya kifungoni akayatumia yote. Lakini akiichana leo kwa sababu ya shida yake, basi jana alimnyima Mama Eugénie kwa sababu gani? Aliona haya, haya ya kweli, ile inayochoma masikio. Machozi yakaanza kumtoka mbele ya watu wote.

Alivua kamba shingoni, akaenda kwa Mama Eugénie. "Mama, shika. Mi siko shefu tena." Kisha akaingia ndani, akayatoa mabidoni ya wafungwa moja moja, yote yakinuka thobwa, akayarudisha mstarini. Yake mwenyewe aliyamimina kwenye karai la kufulia, akaloweka blauzi tatu, halafu akayapeleka matupu mwisho wa mstari, nyuma ya lile la ishirini na nne. Akabaki amesimama hapo huku blauzi nyingine zinakauka.

Alipomwona Mzee Cishahayo, alimsogelea na kupiga magoti. "Mzee, jana ulikuwa unataka kusema neno moja. Sema, nitasikiliza."

"Lilikuwa thobwa," alisema mzee. "Lakini naona umekwisha kulijua."

Mstari mzima uliangua kicheko, na safari hii sheria ya pili haikumsaidia mtu. Hata Mama Eugénie alicheka mpaka akajifuta macho.

Kalala alijitokeza mbele. "Mi niko na bidoni mbili," alisema. "Ni haki yangu, zimeandikwa pale. Nitakupatia zote za kufua. Lakini kwanza uombe bidoni yangu radhi."

"Nikuombe radhi we?"

"Hapana. Bidoni. Njo yenye ililala kifungoni."

Hapakuwa na namna. Rosette alipiga magoti mbele ya bidoni lenye kitambaa chekundu, akasema, "Nisamehe. Ulikuwa umesimama vizuri." Akahamia kwa la pili, na la tatu, akaendelea na mstari, hata kwa yale ambayo hayakufungwa. Kila aliyeombwa radhi, yaani kila mwenye bidoni, alitoa nafasi yake. Mama Eugénie alitoa mabidoni yake mawili bila kuombwa chochote, akaongeza na sabuni. Yakapatikana mabidoni kumi na manne. Hakuna mtu aliyechota zaidi ya mawili.

Akina mama walikaa kuzunguka makarai, wakaloweka, wakasugua, wakasuuza. Walimsema Rosette muda wote, wala hawakunong'ona. Jua lile lile lililovimbisha bidoni likaanza kuzikausha blauzi, na alama zikawa zimetoka.

Tantine Godelive alifika jua likizama. Aliziona blauzi zake kumi na mbili kwenye kamba ya jirani, akaliona bidoni lililovimba, akamwona Rosette. Rosette alimweleza yote tangu katoni mpaka mshindo, bila kujipunguzia. Tantine alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu.

"Thobwa ya Mzee nani atailipa?"

"Mi, Tantine. Jumapili nitatwanga mtama."

"Na utakoroga mpaka iive," alisema Tantine, akavaa miwani, akaanza kushona vifungo.

Jumamosi walikwenda pamoja Area 47. Kiongozi wa kwaya, Mama Ernestine, alizipokea blauzi, akazikagua mishono, akatabasamu. Kisha akaiinua moja puani.

"Godelive, mbona hii inanukia kama thobwa?"

Tantine alimwangalia Rosette. Rosette akasema kweli yote mbele ya mama asiyemfahamu. Mama Ernestine alicheka hadi akashika ukuta.

"Blauzi ni nyeupe na mishono imenyooka," alisema. "Hiyo harufu itaimba na sisi kesho, halafu itachoka. Godelive, sketi nazo ni zako."

Walipotoka, walikaa kwenye ngazi ya kanisa wakila mandazi. Rosette alikuwa na swali tangu jana.

"Tantine, bantu banasemaka shefu iko na haki siku zote. Banadanganya?"

"Banacheka," alisema Tantine. "Banachekea bashefu babaya. Mbele ya kuweka ile kufuli, unajua nani alikuwa anachota wa kwanza? Bale ba mikono minene. Mama Eugénie alikuwa na mimba ya mapacha, alikuwa anangojea mpaka saa sita. Mzee Cishahayo balimuvunjia bidoni. Tulikuwa tunasema 'si haki, si haki' kila siku, na kila siku banachota bao. Njo tukaweka munyororo. Hatukuuweka juu ya kunyima bantu mayi. Tuliuweka ili mwenye hana nguvu naye achote."

Rosette aliinamisha kichwa.

"Sasa we," Tantine aliendelea, "kwa siku tatu umegeuza ile kufuli kuwa mukono munene."

Akatoa ufunguo mfukoni, ule aliourudishiwa na Mama Eugénie, akauweka mkononi mwa Rosette. Rosette alitaka kuurudisha. "Hapana, Tantine. Mi naogopa. Mupatie mutu mwingine."

"Bantu bazuri bakiogopa ufunguo, nani atabaki nao? Sikiliza, mutoto wangu. Haki yenye haina nguvu, inabakiaka mwisho ya mustari inalia. Nguvu yenye haina haki, umeiona, inapasuka na kuchafua nyumba yote. Tunazihitaji zote mbili. Na mwenye anazishika anapaswa kusikiliza mutu mpaka mwisho, mbele ya kufunga. Umesikia?"

"Nimesikia, Tantine."

"Jumatatu unafungua we."

Jumatatu alfajiri Rosette alifungua kufuli na kuondoa mnyororo. Mstari ulimngoja atoe amri. Watu walikuwa wamekaza midomo wasicheke.

"Nani njo wa kwanza?" Rosette aliuliza.

"Ni mi," alijibu Kalala.

Rosette akasogea pembeni, akamshikia bidoni lisiyumbe wakati akipampu.